Alizeti Imekwisha

Ofisini kwetu Nkuhungu tulikuwa wanne, tunatengeneza programu ya simu ya kuuzia mazao. Kiongozi wetu alirudi kutoka kozi na misamiati mipya: kazi za wiki mbili mbili zikaitwa sprinti, na kila asubuhi tukafanya kikao tukiwa wima ili tusiongee sana. Tuliongea sana hivyo hivyo. Ukutani tukabandika vikaratasi vya kazi chini ya vichwa vitatu nilivyovitunga mimi: Bado, Inaendelea, Imekwisha.

Nilivipenda vichwa vyangu hadi nikaviingiza kwenye programu yenyewe. Mzigo ukishapigwa picha na kuandikwa bei, unapata muhuri wa kijani: Imekwisha. Nilijiona fundi.

Wa kwanza kutuamini alikuwa mama mmoja wa Kondoa, muuza alizeti pale sokoni Majengo. Aliwaambia wateja wake wasimpigie tena, waangalie kwenye programu. Siku ya pili akanipigia mimi. Nikachukua bajaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamwona mteja hata mmoja hapa?"

Magunia yalikuwa nje, hayajaguswa, na wingu lilikuwa linajikusanya. Alizeti ikilowa inaota ukungu, na wakamuaji mafuta hawaitaki hata kwa kubembelezwa.

"Mvua ikinikuta na magunia haya," akasema, "naifuta hii programu yenu."

Niliogopa kweli. Nikampigia mteja wake mmoja kumuuliza kulikoni.

"Si mmeandika wenyewe, alizeti imekwisha?" akanijibu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sisi tulimaanisha kazi ya kuandika imekwisha. Wao walisoma hakuna alizeti. Mswahili mzima, nimeangushwa na Kiswahili! Nikampigia mwenzangu wa ofisini abadilishe neno liwe "Ipo", kisha mimi na mama tukawapigia wateja mmoja mmoja, yeye akiwasalimia, mimi nikiomba radhi.

Wakaja, wengine na kenta, vile vilori vidogo, wengine na guta la matairi matatu. Nilibeba magunia mpaka shati likashikana na mgongo. Gunia la mwisho lilipopakiwa, tone la kwanza likanidondokea shingoni.

"Imekwisha, mama!" nikasema, nikicheka.

"Alizeti ndiyo imekwisha. Hiyo programu yenu je?"

Nikafikiria ule ukuta wetu.

"Bado, mama."

"Haya," akasema, akirudisha simu kwenye pochi. "Na mimi bado sijaifuta."