Kabati Katikati ya Nyumba

Wengine hujisifu kwa watoto waliosoma au kwa ng'ombe. Mimi najisifu kwa kabati, na nikianza habari zake wajukuu wangu hukimbilia nje, maana wameshazichoka. Wakimbie tu. Nitazisimulia hata nikibaki peke yangu na kikombe changu cha chai.

Ilikuwa Bukavu, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa karani katika ghala la kahawa, na kwa ajili hiyo tulipata nyumba ya matofali huko Bagira, mpya, bado inanuka saruji. Ilikuwa na sebule, chumba kimoja cha kulala, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Jiko lilikuwa nje, uani. Tulikuwa na meza, viti, fotei mbili, vile viti vipana vya kuegemea, ambazo mume wangu alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na kabati refu la mbao nyekundu tulilotengenezewa na fundi mmoja wa Kadutu tulipofunga ndoa.

Sisi wake za makarani tulikwenda fuaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, ambako Mademoiselle mmoja, Mbelgiji, alitufundisha kushona, kuogesha watoto na kupanga nyumba. Kwake nyumba ilikuwa na taratibu kama misa. Meza ikae katikati, viti viizunguke, kabati liegemee ukuta, na kitambaa cha kufuma kitandikwe juu ya kila kitu kinachoweza kubeba kitambaa. Nilishika yote. Nikisema kwamba sebule yangu ndiyo iliyopendeza kuliko zote mtaani, sisemi uongo, na majirani walijua.

Ila mama yangu hakuweza kuketi ndani yake.

Kwetu sisi Bashi, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Si ugomvi, ni heshima. Mama hali chakula mbele ya mkwe wake, haketi anapoketi yeye, na chumba anacholala mkwe hata kuchungulia ni aibu. Kijijini mambo hayo yana nafasi, kuna migomba na kuna njia ya nyuma. Nyumba ya Bagira ilikuwa na sebule moja tu, na mume wangu akirudi kazini alijaa humo na fotei yake kama mlima Kahuzi. Kwa hiyo kila mama alipotoka kijijini kwetu Mumosho na kikapu chake cha ndizi, aliketi jikoni kwenye kigoda, akikohoa moshi, na kabla mkwe wake hajarudi alikuwa ameshashika njia ya kwao.

Mwaka ule nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na niliogopa. Dada yangu mkubwa alifia uzazini, mama akiwa bado njiani kumfuata. Nilijiapiza kwamba mimi sitajifungua bila mama kuwa karibu yangu. Nikamwomba aje akae mpaka mtoto azaliwe.

"Nitakaa wapi?" akaniuliza. "Nyumba yako iko muzuri, mutoto yangu, lakini nafasi ya mama mukwe haiko."

Nililia. Kisha nikakasirika, na mimi nikikasirika akili hunijia zaidi.

Aliyenikasirisha kabisa alikuwa Mademoiselle. Alipita siku moja kukagua nyumba, kwa sababu fuaye ilikuwa na mashindano ya nyumba iliyopangwa vizuri kuliko zote, akamkuta mama jikoni amejikunyata ndani ya moshi. Akadhani namwonea haya mama yangu mzazi.

"Juu ya nini unaacha mama mu moshi, na fotei iko ndani?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kikazi.

"Ni heshima, Mademoiselle."

"Heshima gani ile ya moshi?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Alipoondoka, swali lake likabaki linanizunguka kama nzi, nikaona kwamba mwanamke yule hakuelewa chochote lakini ameuliza vizuri.

Asubuhi mume wangu alipokwenda kazini nilimwita jirani yangu. Akanigombeza kwamba mwenye mimba hasukumi kabati, kisha akasukuma yeye, mimi nikiongoza. Tulilitoa ukutani, tukalisimamisha katikati ya sebule, likaikata upande wa mlango wa nyuma. Huko nyuma kukapatikana kijichumba chenye dirisha lake na mlango wake. Nikaweka kitanda kidogo, kiti chenye mto, na fotei moja kati ya zile mbili. Mtu angeweza kuingia, kula, kulala na kutoka bila kuonana na mtu wa sebuleni.

Mume wangu alirudi, akasimama mlangoni.

"Kabati iko mu njia," akasema.

"Ndiyo. Iko mu njia ya macho yako na ya mama."

Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na alikuwa anajua kwa nini mama hukimbia. Akavua koti, akasogeza mwenyewe meza ili watu wapite. Hata ile fotei yake hakuiulizia.

Mama alipokuja nilimpitisha mlango wa nyuma. Akatazama kitanda, akatazama kiti, halafu akatazama mbao chafu za nyuma ya kabati, zenye misumari iliyopinda.

"Inanipa mugongo," akasema.

Alikuwa na haki. Mgeni hapewi mgongo. Tukaligeuza, milango ikamwelekea mama, na ule mgongo tukauacha sebuleni. Juu yake nikatundika mkeka mpana alioufuma mama mwenyewe, wenye mistari myeusi, na sebule ikapendeza kuliko zamani. Mama akaketi kwenye fotei, polepole, akajaribu mto kwa kiwiko. Mama yangu, ndani ya nyumba yangu! Nilifurahi hadi nikakosa la kusema, jambo ambalo halinitokei.

Kwa kuligeuza, sahani zote, vikombe na sukari vilibaki upande wa mama. Jioni mume wangu akataka chai, akasimama akijikuna shingo, akakohoa.

"Kabati," akasema kwa adabu, "ambia mama, kikombe yangu iko ndani yako."

Kisha mkono ukatokea pembeni ya kabati na kikombe.

"Kabati, ambia mwenye nyumba chakula iko tayari," mama akajibu.

Tangu siku hiyo walizungumza hivyo, habari za mvua, bei ya muhogo, hata siasa za chifu, na kabati likabeba yote.

Mademoiselle alikuja na wenzake siku ya mashindano. "Kabati, ku ukuta," akasema. Nikamjibu kwamba haliendi. Zawadi ikapewa jirani yangu, yule yule aliyesukuma. Nilimpongeza, na moyoni sikuhisi kitu. Haikupita muda akaja kuniomba nikamwonyeshe pa kuliweka la kwake, kwa maana na yeye alikuwa na mama huko Kasha. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Mvua zilipoanza, makabati ya mtaa wetu yalikuwa yameziacha kuta, na Mademoiselle akadhani ni mtindo mpya.

Uchungu ulinishika mchana, mvua kubwa ikinyesha, barabara yote matope. Nililala kwenye kitanda cha mama, nyuma ya kabati, na mama alikuwepo. Hakuwa njiani. Mkunga wa mtaani aliliita kabati mara kwa mara limwambie mwenye nyumba achemshe maji, alete nguo, aache kutembeatembea, na mume wangu, ambaye hakuwahi kuwasha moto maishani, alitii yote.

Mtoto akalia. Mama akamfuta, akamfunika, akaniangalia kwa muda mrefu kuhakikisha kwamba napumua. Kisha akainua sauti, mkwe wake asikie sebuleni.

"Baba," akasema. "Wako wazima. Bote mbili."

Kabati hakulitaja.