Sura Moja Tu Juu ya Dungu

Nikiri mapema, maana hata nisipokiri Kwamsisi nzima inajua: mimi ndiye yule kijana aliyepanda dunguni kulinda mahindi ya mkwe wake huku kitabu kiko kwapani. Upumbavu wenyewe ni huo, mengine yote yalijileta.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimetoka kumaliza darasa la kumi, kijana wa Korogwe ya Kale, mpenda kukaa ndani (mama alikuwa akisema mkeka wangu umeota umbo langu). Nikamchumbia Rukia, binti wa Mzee Mbwana wa Kwamsisi, na mzee, ambaye cheti changu alikitazama kama mtu anavyotazama jani, akaniambia, "Elimu yako nimeisikia, kijana. Sasa njoo unilindie shamba mpaka mahindi yakauke. Hayo ndiyo tutakayolishia watu siku ya harusi yako. Wakiyala nyani, mwaka huu hakuna harusi." Nikaitikia, "Naam, baba," kwa unyenyekevu wa mtu asiyejua nyani.

Kitabu nilipewa na binamu yangu, karani wa shamba la mkonge, ambaye meneja wake Mzungu alipokwenda likizo kwao aliacha sanduku zima. Cha Kiingereza, jalada limeng'oka. Watoto wanne wanacheza kando ya kisima, jioni wanarudi watatu. Miaka inapita, wale watatu wamekuwa watu wazima wenye wake na vitambi, na mtu asiyejulikana anaanza kuwaandama mmoja mmoja. Sasa mwandishi yule, mtu mwenye roho mbaya kabisa, anakupa sura moja ya utotoni na sura moja ya ukubwani, na kila ukikaribia kujua ni nani aliyemsukuma mwenzao kisimani, anakurudisha utotoni ukawatazame wakichuma matunda! Mtu atatulia vipi? Juu ya lile jukwaa la miti nilikaa, nikachuchumaa, nikalala kifudifudi, nikasimama, macho hayatoki kitabuni.

Na kule ulinzi una kanuni yake. Mashamba yamepakana, kila moja na dungu lake. Nyani wakitokea kwa jirani, jirani anapiga ukelele, nawe unajibu kwa ukelele na debe, na wa mbele yako naye anajibu, basi wanyama wanasukumwa hivyo hivyo mpaka porini. Nyani si wajinga. Wanasikiliza. Shamba lililonyamaza ndilo wanaloingia.

Jirani yangu, Bi Mwanaidi, mama wa makamo mwenye sauti ya kupasua chungu, akaita, "We msomi! Wanakuja huko!" Wakati huo, kitabuni, mke wa mmoja wa wale watatu ameingia kwenye nyumba tupu na amesikia hatua nyuma yake. Nikasema moyoni, nimalize ukurasa huu. Akaita tena. Nikasema, basi nimalize sura, sura moja tu (tena fupi, nilikwisha kuipima kwa kidole). Alipoita kwa hasira nikajibu, "Naam!" kwa sauti ya darasani, ya mtu anayeitwa jina, sauti isiyomshtua hata kifaranga.

Pakawa kimya. Kitabuni mtu akakanyaga kijiti: kwa! Na chini yangu: kwa! Nikafungua ukurasa; kitabuni mlango unasukumwa polepole, na chini yangu majani yanasukumwa polepole, wallahi nikasikia na pumzi. Badala ya kutazama chini kama mtu mwenye akili zake, nikafumba macho nikapiga yowe: "Muuaji! Jamani, muuaji!"

Yowe la namna hiyo huko Uzigua halichezewi. Watu waliacha majembe yao, wakaja na pinde, na mikuki, na mapanga, Mzee Mbwana mbele na rungu, Rukia nyuma na mchi wa kinu.

"Kauawa nani?" mzee akauliza huku anahema.

Nami, nusu ya akili bado iko kitabuni, nikajibu, "Bado hajauawa, baba. Yuko ndani ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Nikakiinua kitabu.

Hapo likatoka dume la nyani kutoka kwenye mahindi, muhindi mmoja kwapani na mwingine mdomoni, wala halikukimbia, lilitutazama kama mgeni anayeaga wenyeji, na nyuma yake ukoo wake wote, watoto wamepandishwa migongoni. Shambani mabua yalikuwa yamelala kana kwamba yamepita mafuriko. Mzee Mbwana akaokota muhindi uliotafunwa, akaugeuza, akaugeuza tena. Heri angenipiga.

"Harusi mwakani," akasema. "Mungu akileta mvua."

Rukia alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, na kama alikuwa analia au anacheka sikujua (wala mpaka leo hataki kuniambia). Nikaapa pale pale juu ya dungu kwamba maisha yangu yote sitafungua tena kitabu mahali penye kitu kinacholika. Nikashuka nikitazama vidole vya miguu yangu, watu wakinipisha kama anavyopishwa mgonjwa, mpaka nikamfikia Bi Mwanaidi, ambaye alinitazama toka juu mpaka chini, akasema:

"Usiinamishe kichwa, bwana harusi. Karamu imeshaliwa, bado ndoa tu."