Mpwa Wangu Alipoomba Mikro

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, mpwa wangu alisukuma lango la bati la nyumba moja hapa mtaani kwetu Mangobo, akaingia mbio katikati ya sherehe ya mahari isiyokuwa yake. Saa hiyo naijua kwa uhakika. Kazi yangu ni kutengeneza redio na kukodisha spika, na kila ninapowasha jenereta naandika saa kwenye karatasi ili nijue petroli inavyokwenda. Nilikuwa nimewasha dakika mbili tu kabla hajaingia.

Lazima nikiri kwamba kosa lilianzia kwangu, na lilianza siku ya Alhamisi.

Mteja mmoja aliniletea diski ya kompyuta iliyoharibika. Nilipoifufua nilikuta ndani yake filamu ya zamani, ya mapenzi na kuchekesha, iliyotiwa maneno ya Kifaransa. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Ninayoyajua nimeyapata kwenye vitabu vya mafundi, kamusi na redio, kwa hiyo sina mazoea ya kutazama kitu bila kalamu mkononi. Niliitazama mara mbili na kujaza kurasa sita. Ilikuwa habari ya kijana aliyerudi nyumbani na diploma yake asijue la kufanya. Wazee wanamzunguka, kila mmoja na shauri lake. Yeye analala tu, anaogelea, kisha anajitia katika upuuzi ambao sitaueleza hapa. Mwishoni msichana anayempenda anaolewa na mwingine, naye anakimbia mpaka kanisani, anapiga kelele, na bibi arusi anaondoka naye.

Nikasema: hii ni dawa ya mpwa wangu.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu aliyeko Yanonge. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na tangu apate diploma ya chuo kikuu alikuwa amelala kwenye kiti changu kirefu kwa miezi kumi na minne. Ukimuuliza anataka kufanya kazi gani, anajibu, "Tonton, nafikiri." Alifikiri mpaka sponji la kiti likabonyea umbo lake. Nilijua pia kwamba chuoni alikuwa na rafiki wa kike, lakini sikujua ni nani, maana hilo nalo alikuwa bado analifikiria.

Basi jioni ile, umeme ulipokuwepo, nilimketisha mbele ya televisheni. Nilisimamisha filamu mara tatu ili nimweleze. Nilimwonyesha jinsi uvivu unavyoanza, jinsi mtu anavyoweza kuelea kwenye maji na kwenye maisha kwa namna moja. Alipiga miayo. Lakini tulipofika kanisani alikaa wima. Katika miezi kumi na minne sikuwa nimewahi kumwona amekaa wima.

"Tonton," alisema, "kule kwao wanafunga ndoa mara ngapi?"

"Inaonekana mara moja. Kanisani tu."

"Sisi mara tatu."

"Ndiyo. Mahari, halafu komini kwa serikali, halafu kanisa."

"Donc huyu alichelewa. Kama ingekuwa hapa, mambo yangekuwa yameisha tangu kwa mahari. Kanisani iko ya picha tu."

Nilifurahi sana. Nilidhani akili yake imeanza kuchambua. Nilimwonyesha filamu kwa ajili ya mwanzo wake, na yeye akaipenda kwa ajili ya mwisho wake, wala sikuona tofauti hiyo mpaka Jumamosi.

Siku hiyo nilikuwa nimekodiwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mzee wa watu, anayeuza unga na sukari kwa jumla. Binti yake, aliyesoma chuo na sasa anamsimamia depo, yaani ghala, alikuwa anatolewa mahari, au dot kama tusemavyo hapa, na muuzaji wa vipuri vya pikipiki. Ukoo wa bwana ulikaa kushoto, wa bibi kulia, na katikati vitu vilipangwa vizuri: mbuzi wawili, vitenge, sanduku, magunia ya chumvi, kreti za bia. Mimi nilikaa pembeni nyuma ya mitambo yangu.

Mpwa wangu aliingia, akasimama kati ya mbuzi na sanduku, akanyoosha mkono, akapiga kelele. Hakuna aliyesikia kitu. Spika zangu ni nzuri. Niliona tu kinywa chake kikifunguka na kufungika. Shangazi mmoja alidhani amekuja kucheza, akampigia makofi. Alipiga kelele tena. Watu wawili wa ukoo wa bwana wakasimama na kuanza kucheza naye.

Ndipo akaniona. Alikuja mpaka kwenye mitambo, jasho linamtoka.

"Tonton! Uko hapa?"

"Niko kazini. Na wewe?"

"Nipatie mikro."

"Ya nini?"

"Nataka kuzuia."

"Kuzuia nini?"

"Hii yote!"

Nikapunguza muziki ili tuelewane, nikamweleza kanuni ya kazi yangu, kwamba mikro, yaani kipaza sauti, haipewi mtu yeyote bila ruhusa ya msemaji wa ukoo, na kwamba kama ana jambo la kuzuia ndoa angepaswa kuniambia mapema. Nilieleza kwa utaratibu. Sikuangalia kwamba mikro iliyokuwa mkononi mwangu imewashwa.

Nilipoinua macho, ua mzima ulikuwa umenyamaza. Hata waliokuwa wakicheza naye walikuwa wamesimama mguu mmoja mbele.

Baba wa binti alisimama. "Kijana, wewe uko nani?"

"Miye niko… rafiki ya mutoto yenu, papa."

"Rafiki? Kwenye dot rafiki iko kitu gani?"

Kabla hajajibu, shangazi mkubwa wa binti, mama mnene mwenye kilemba cha njano, aliinuka na sahani. "Hapa mutu hasemi bure. Weka kitu ya kufungua kinywa."

Hiyo ndiyo desturi. Katika filamu kijana alipiga kelele bila kulipa, na mpwa wangu hakuwa ameliona tatizo hilo. Alipapasa mfuko, akatoa franki elfu mbili za kumrudisha nyumbani kwa pikipiki, akaziweka kwenye sahani.

"Elfu mbili!" Shangazi aliinua sahani watu wote waone. "Kinywa yako iko kidogo hivi?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mzee wa upande wa bwana akauliza kwa ukali, "Na noko yake iko wapi?" Noko ni mjomba, kaka wa mama, na kwa mambo ya ndoa kijana asiye na noko wa kumsemea ni kama hakufika.

Mpwa wangu akaninyooshea kidole.

"Nani? Mutu ya spika?" yule mzee aliuliza.

"Ndiyo. Ni tonton yangu kabisa."

Baba wa binti alinigeukia. "Tonton, nilikulipa ulete muziki. Unaniletea mukwe?"

Niliomba radhi kwa pande zote mbili, nikasema ukweli kwamba nimejifunza habari hii wakati mmoja nao. Nilikuwa karibu kumshika mpwa wangu mkono tuondoke. Lakini nilimtazama, nikaona hajarudi nyuma hatua moja. Mtu huyu aliyeshindwa kuchagua kazi, chakula, hata upande wa kulalia, alikuwa amechagua kitu. Akifukuzwa sasa, angerudi kwenye kile kiti asiinuke tena. Nikasema, "Kuko jambo moja la utaratibu. Mutoto bado hajaulizwa. Mbele ya kumufukuza huyu, mumuulize yeye kwanza."

Hawakuweza kukataa. Baba hapokei mahari kabla ya kumuuliza binti mara tatu, mbele ya wote, kama apokee au asipokee.

Binti alitoka ndani peke yake, bila kungoja shangazi zake wamwimbie. Alimpita bwana wa vipuri, akamsalimu kwa heshima. Akasimama mbele ya mpwa wangu.

"Ulikuwa wapi mwaka yote hii?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Na leo umemaliza?"

"Juu yako, ndiyo."

"Bon. Tuseme ninakufuata. Kesho asubuhi unaamuka, unafanya nini?"

Nilimwombea aseme chochote, mwalimu, dereva, waziri. Akasema, "Sijue bado."

Ua ulilipuka kwa kicheko. Yeye binti hakucheka. "Huyu hajadanganya," alisema, kisha akamgeukia baba yake, ambaye aliuliza swali lake mara tatu kama inavyotakiwa, kila mara sauti ikishuka.

"Hapana, papa. Musikamate mahari. Huyu papa ya pièces za pikipiki hana kosa hata moja."

"Ni juu ya huyu wa elfu mbili?"

"Hapana. Huyu naye arudi kwao. Hajue kesho yake, na miye sijue yangu. Nataka nijue kwanza."

Bwana wa vipuri aliinuka kwa utulivu, akawaambia watu wake, "Tupakie." Alipopita karibu nami alinipa mkono. "Tonton, sauti ilikuwa safi. Nitakuita." Na aliniita kweli miezi minne baadaye, alipooa upande wa Tshopo. Siku hiyo nilimwomba mpwa wangu asitoke nje.

Ikabaki faini. Wazee wa binti walikaa nyuma ya nyumba kwa saa nzima, wakatoka na hukumu: mbuzi wawili na vinywaji, kwa kuvuruga sherehe. Baba, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akabadilisha. "Mbuzi iko inakula. Dola haikule. Mulete dola mia moja na ishirini."

Nilianza kuhesabu akilini nitakachouza. Mpwa wangu akasema, "Nitalipa miye. Dola tano kila Jumamosi, pale depo."

"Na tano ya kwanza utatoa wapi?" aliuliza shangazi.

"Sijue bado," alisema, na safari hii kicheko kilikuwa tofauti kidogo.

Jumatatu aliamka kabla yangu. Alikodi pikipiki, akaiangusha kwenye mtaro wiki ya pili. Alifundisha hesabu katika shule moja ambayo haikulipa. Mwishowe aliingia kwenye biashara ya wajomba zake wengine wa mtoni. Jumanne anashuka na boti mpaka Yanonge, Ijumaa anapanda na samaki waliokaushwa kwa moshi. Asubuhi ya Jumamosi yuko sokoni, na saa nane yuko mbele ya kaunta ya depo, ananuka moshi na samaki, na dola zake tano mkononi. Aliyekuwa akizipokea na kuandika risiti ni binti mwenyewe. Mara ya kwanza, mpwa wangu aliniambia, binti alihesabu pesa na kumsukumia risiti tu. Mara ya nne alimwambia aache nusu ya harufu nyumbani kabla ya kuja pale. Mara ya tisa alimwekea kiti. Baba yake alianza kumuuliza bei ya samaki huko chini.

Mpwa wangu bado hasemi kwamba samaki ndiyo kazi yake ya maisha. Wakati mwingine anataja shamba, wakati mwingine mashua yake mwenyewe. Lakini mwezi uliopita binti alikuja dukani kwangu, akaniamkia vizuri, akasema baba yake angependa kupokea barua kutoka kwa noko, kwa njia ya kawaida, langoni, bila mikro.

Kabla ya kuandika barua nilitaka kuhakikisha kwamba hatudaiwi chochote. Nilichukua risiti zote za faini, nikazipanga kwa tarehe. Dola mia moja na ishirini, kwa tano tano, ni Jumamosi ishirini na nne. Risiti zilikuwa ishirini na sita, zote zimeandikwa kwa mkono ule ule wa msimamizi wa depo ambaye, kwa ninavyosikia, hajawahi kukosea hata gunia moja. Nilimuuliza mpwa wangu kama alijua. Akasema alijua tangu ya ishirini na tano.

Hasara: dola kumi.