Ukuta wa Nyuma wa Kidato cha Tatu

Shule mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikiruka huku na kule nivumilie. Ninayoisema ni sekondari ya kata yetu, pembeni mwa mji wa Tabora, tuliyoijenga wazazi kwa mikono yetu. Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha tatu pale, na dawati lake limeegemea ukuta wa nyuma.

Ule ukuta naujua. Tofali zake tulizichoma sisi, mvua ikanyeshea tanuri kabla moto haujafika juu. Za juu zikatoka mbichi, ukizigonga hazilii. Fundi akasema ziwekwe nyuma, plasta itazifunika. Nilizibeba mimi mwenyewe. Mgongo ulikuwa mzima enzi hizo, siyo sasa, nikiinama kuchuma mlenda naitiwa mtu wa kuninyanyua.

Mwaka huu, radi za kwanza zilipoanza upande wa Urambo, nikaona ufa chini ya dirisha. Nikatia kidole, kikaingia hadi kiungo cha kwanza. Baada ya siku nne kikaingia hadi cha pili.

Nikamwendea mkuu wa shule. Sasa shida ni hii: bwana yule ni Mzaramo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani wakipitia kwao, na utani wetu ulitoka huko. Mtani umtukane vipi, hanuni. Alipohamia hapa nilimpelekea kipande cha sanda, nikamwambia apime mapema. Nami nilipolala na malaria alikuja na jembe begani, akamuuliza mke wangu shimo lichimbwe wapi. Nilicheka mpaka homa ikapungua.

Basi nikamwambia, "Ukuta wako wa kidato cha tatu utaua watoto."

"Utaanza na wewe, kibogoyo. Umeshasikia harufu ya pilau ya msiba?"

"Nasema kweli."

"Mnyamwezi akisema kweli, leo jua litazama mashariki."

Walimu wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka, mdomo umezoea. Habari ya tofali sikuitaja. Niliona aibu.

Jioni mjukuu wangu alifungua daftari lake mbele yangu. Kurasa zilikuwa na vumbi jekundu. "Linadondoka tu, babu," akasema, akalipuliza. Ugali ulinishinda.

Kesho yake wingu lilikaa chini kabisa. Nikaenda shuleni wanafunzi wakiwa mstarini. Mkuu wa shule akaniona kwa mbali. "Haya, maiti imekuja yenyewe," akasema. Nikavua kofia. Nikainama mbele yake, mimi ninayelingana na baba yake.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Akaitazama mikono yangu, anatafuta sanda, anatafuta jembe, haoni kitu.

"Mtani, usinifanyie hivyo," akasema taratibu.

Nikarudia shikamoo yangu. Kisha nikamweleza tofali zilivyokuwa, wanafunzi wote wakisikia, na mjukuu wangu akiwa mstari wa mbele akitazama viatu vyake. Mkuu wa shule hakungoja kengele. Alisimama mlangoni mpaka dawati la mwisho likatoka.

"Mbichi nyingine mlizipeleka wapi?" akaniuliza.

Nikasema sikumbuki. Na kweli sikumbuki.

Mvua ilinyesha siku mbili. Ya tatu, saa nne asubuhi, ukuta ulilala kwa ndani, mzima mzima, kama mtu aliyechoka kusimama. Chumba kilikuwa kitupu. Mjukuu wangu alikuwa kwenye baraza la jengo la pili, anaandika.

Siku hizi nikikutana na mkuu wa shule ananiamkia, "Shikamoo, mzee," halafu anapita. Hana tusi tena kwangu. Naitikia marahaba.

Fundi yuleyule ndiye aliyejenga maabara. Kila asubuhi, wanafunzi wakishaingia, nazunguka nyuma yake na kuupapasa ukuta. Plasta nyororo, hakuna hata mstari. Na ule mwingine ulikuwa hivyohivyo.