Miwani Nyeusi Siku ya Mahari ya Nyambura

Wengine wenu mmeshaisikia habari hii sokoni ikiwa imetiwa chumvi, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu mimi niliyejiaibisha, mbele ya wageni na pasta, chini ya hema nililolikodi mwenyewe.

Kwanza nailaumu runinga. Tangu nistaafu, kila jioni naketi na mwenzangu Kariuki kwenye hoteli ya hapo stendi tukitazama mashindano makubwa ya poka, yale ya mabingwa wa ng'ambo, wanaume wazima wamevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba, hawacheki, hawakohoi, kisha mmoja asiye na karata yoyote ya maana anasukuma sarafu zake zote za plastiki katikati ya meza na wenzake wanaogopa wanatupa karata zao. (Sisi watazamaji tunaonyeshwa karata za kila mtu, ndiyo maana mimi na Kariuki tulikuwa tunawaita mabingwa hao wajinga.) Nikajiona mtaalamu.

Basi ikafika siku ya watu wa Ndabibi kuja kuzungumza mahari ya mjukuu wangu Nyambura, na msemaji wa familia ni mimi. Asubuhi hiyo nikaamua jambo dogo tu: nikaazima miwani nyeusi ya mwanangu.

"Guka, macho yanakuuma?" Nyambura akaniuliza; Guka ndiyo babu kwetu.

"Wewe nenda jikoni. Leo utaona kazi."

Msemaji wao alikuwa Mzee Njoroge, mnene, mcheshi, mtu wa kufuta jasho kila saa. Akisalimia, mimi kimya. Akitaja mbuzi, mimi kimya. Wageni wakaanza kutazamana, mmoja akauliza kwa kunong'ona kama huyu mzee ni kipofu, mke wangu akanikanyaga mguu, lakini mimi niliona mambo yanaenda sawa kabisa kama kwenye runinga, nikaamua sasa nisukume sarafu zangu zote.

"Mjue kuna familia nyingine, ya Molo," nikasema polepole. "Walibisha hodi juzi. Na hao hawabishanii ng'ombe."

Hakukuwa na familia yoyote ya Molo.

Kamau, kijana wao, mchumba wa Nyambura, akasimama uso umembadilika. Jikoni sufuria ikaanguka, na Nyambura akatoka mbio mikono ina unga. "Guka! Familia gani?" Kamau alikuwa akimwangalia yeye, si mimi, na kwa jinsi alivyomwangalia nikajua harusi inaponyoka. Hapo ndipo ningevua miwani nikasema nimedanganya. Sikuvua. Nilikuwa bingwa.

Mzee Njoroge akafuta jasho, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa miwani yake nyeusi, akaivaa. (Kumbe Ndabibi nako wanatazama!)

"Mzee," akasema, "ulipotaja Molo ulishika sikio, ishara ya mdanganyifu mezani. Hebu funua karata. Huyo kijana mwingine anaitwa nani?"

Majina yote ninayoyajua duniani yakanitoroka.

"Gustavo," nikasema.

Lilikuwa jina la bingwa wa poka wa Jumamosi iliyotangulia. Vijana waliokuwa nyuma walilijua mara moja, wakapiga makelele, "Gustavo wa Molo!", hata pasta akajifunika uso kwa kofia. Kamau hakucheka. Nyambura alikuwa analia. Nikavua miwani, nikasema, "Hakuna mtu. Nimedanganya. Kamau, keti, mwanangu."

Wazee wakaenda kando, wakarudi na uamuzi: nimewatusi wageni, nilipe faini. Sisi tuliokuwa tupokee mbuzi, tutoe mbuzi! Kisha, kama desturi ilivyo, Nyambura akaulizwa mbele ya wote kama mahari ipokelewe.

"Pokeeni," akasema, akifuta machozi kwa kiwiko. "Lakini Guka asiongee tena."

Beberu wangu mweupe, niliyemlea tangu akiwa mtoto, akapandishwa pikapu kuelekea Ndabibi, Njoroge ameketi mbele na miwani yake. Poka sitazami tena. Nimebadilishana kiti na Kariuki, nimeipa runinga mgongo, na mtu akiniita Gustavo siitiki.

Halafu jana Kamau akaniletea salamu kutoka kwa Njoroge: eti nishuke Ndabibi tutazame fainali pamoja, kutakuwa na nyama choma.

Nyama ya nani? Siendi!