Alama ya Chaki Kando ya Mama Mkwe

Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema mapema ili mwenye kutafuta makosa humu ayatafute kwa raha. Mengine yote, nyumba ya tofali za kuchoma, mashine mbili za kusaga, shamba la ngano na maharage hapa Karatu, niliyapata kwa mkono huu huu, nikianzia kibarua cha kuchuma kahawa kule Oldeani. Sikurithi hata jembe. Kwenye kwaya naimba besi. Nota sizijui, lakini wimbo ukiniingia mara mbili hautoki tena, na hao wanaozijua nota husogea karibu yangu ili waibe.

Kwaya yetu si ya kanisa moja, ni ya kitongoji. Wakatoliki wamo, Walutheri wamo, walokole wawili wamo ambao tunawakataza kupiga kelele. Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya Krismasi, tunafanya tamasha la nyimbo za Noeli, na kila mwaka shida yetu ni ile ile: sauti ya tatu. Vijana wetu wa sauti ya tatu karibu wote ni madereva wa watalii, na Desemba ni haisizoni, watalii wamejaa. Wakati sisi tunamwimbia Mtoto Yesu, wao wako kreta ya Ngorongoro wanawaonyesha wazungu faru. Mwaka juzi sauti ya tatu nzima ilikuwa fundi cherehani mmoja na mafua yake.

Basi mwaka jana mwalimu wetu wa kwaya akasema tuwaombe watu wa Endulen, kule juu hifadhini, waje watuongezee. Mwalimu huyu ni msichana anayefundisha shule ya msingi, ametoka Singida, mwili mdogo, mdomo mkubwa. Siku ya kwanza aliponisahihisha nilimwambia, "Mwalimu, mimi nimeanza kuimba besi kabla mama yako hajaolewa."

"Shikamoo mzee," akasema. "Basi kwa muda wote huo ungekuwa umeshaipatia."

Watu walicheka mpaka mazoezi yakasimama. Tangu hapo nampenda, ingawa siku ile nilinuna.

Wimbo mkubwa wa tamasha aliutunga mwenyewe. Beti ya pili inaanzwa na sauti ya tatu, mtu mmoja, peke yake kama anaita ng'ombe bondeni. Kisha sauti ya pili inamjibu, mwanamke mmoja naye, halafu ndipo sisi wengine tunaingia. Mwanamke wa kujibu alikuwa mke wangu. Nimeishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi bila yeye, na sijasikia sauti ya mwanamke yenye uzito na utamu kama ile. Kumwambia sijamwambia. Atavimba.

Na mwanamume wa kuita, Endulen wakatuletea jibu: ni mkwe wenu.

Sasa huyu mkwe. Binti yetu alikwenda kufanya kazi ya usafi hospitalini Endulen, akapata mume huko, mfugaji wa Kimaasai, mtu mpole, hanywi, kanisani anakwenda. Wana watoto wawili. Mimi ananiita Pakiteng, maana kwao wakwe huitana kwa mnyama waliyepeana, na kati yetu ni ng'ombe. Mimi na yeye hatuna neno. Neno lilikuwa kwa mke wangu. Miaka sita yote, mkwe akija kwetu anasimama nje ya uzio, ananiita mimi. Mke wangu akitokeza mlangoni, yeye anageuka anatazama mlimani. Kwetu mkwe anachinjiwa jogoo. Mke wangu anachinja, anapika, na mkwe anakwenda kula kwa jirani. Mke wangu akipanda kwenda Endulen kuona wajukuu, mkwe anahama boma mpaka aondoke. Mkono hajawahi kumpa. Uso hajawahi kumtazama.

Binti alitueleza tangu mwanzo. "Mama, ni heshima. Kwao mama mkwe anaepukwa."

"Heshima gani ya kunikimbia kama nyoka?" mama yake akamjibu. Na mimi nilikuwa upande wa mama. Niliona ni maneno ya kufunika dharau. Tuna mashine za kusaga, lakini hatuna ng'ombe mia, basi labda tunaonekana wadogo.

Wiki mbili kabla ya tamasha, mke wangu alikuwa jikoni anachambua maharage. Akasema, "Baba watoto, huyu mtu akinigeuzia mgongo mbele ya kanisa zima, mimi Endulen sitakanyaga tena. Wajukuu nitawaona kwenye simu." Alisema polepole, mikono haikusimama. Akifoka huwa sijali. Asipofoka najua ameshaamua.

Nikaona nitengeneze mambo mwenyewe.

Ijumaa ya kuamkia tamasha mwalimu alikuwa anachora sakafu ya kanisa kwa chaki. Ndivyo anavyotupanga: kila mwimbaji ana alama yake, na akiihama anaitwa kwa sauti kubwa. Akaniuliza, "Mzee, huyu mkwe wako nimweke wapi? Nilitaka awe mwisho kabisa, upande wa wanaume."

"Mweke hapa," nikamwambia, nikamwonyesha kwa ncha ya kiatu. "Kando ya mama watoto. Si wanajibizana?"

"Hakuna tatizo lolote la kimila?"

"Mwalimu, wewe chora."

Akachora. Moyoni nilikuwa na hesabu yangu. Ng'ombe anayekataa josho humbembelezi. Unamwingiza kwenye ule ujia mwembamba, ng'ombe mbele, ng'ombe nyuma, na anajikuta ndani ya maji. Nilisema mkwe akishakuwa katikati ya mstari, watu mbele, watu nyuma, atageukia wapi? Atasimama, atamzoea, na tutakula jogoo wetu pamoja.

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, matope mpaka mlangoni mwa kanisa. Tamasha tulilipanga saa sita mchana kwa sababu ya wageni. Walitakiwa kurudi wapite getini Ngorongoro kabla ya saa kumi na mbili, na geti halisubiri beti ya mwisho. Walifika na lori la mnadani, harufu ya mbuzi bado imo, wanaume tisa na shuka zao, binti yetu na watoto wake wamekaa mbele na dereva. Tulikuwa tumeshajipanga kwenye alama. Wageni wakaingia mmoja mmoja, mwalimu akiwaelekeza.

Mkwe aliingia wa mwisho. Kijana mrefu. Mwalimu akamwonyesha alama yake. Akaitazama ile chaki, akaona miguu iliyo kando yake ni ya nani. Akashika shuka lake akajifunika mpaka mdomoni, akageuka, akatoka nje.

Kanisa zima liliona. Mtu mmoja nyuma akaguna. Mke wangu alishuka kwenye mstari, akavua ile skafu ya kwaya, akaikunja vizuri kama anayekabidhi mali ya watu, akaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango wa pembeni.

Mwalimu alinitazama kwa jicho ambalo hata mama yangu hakuwahi kunitazama nalo. Akasema, "Tunaanza na zile nyepesi. Mzee, wewe nenda nje." Kwaya ikaanza bila besi yangu. Ilisikika nyembamba, nasema ukweli.

Nje nilimkuta mkwe amesimama chini ya ukingo wa bati, maji yanamdondokea begani. Pembeni yake alikuwa mzee mmoja wao, ndugu wa baba yake, anatafuna mswaki. Nilikwenda kwa hasira.

"Umemwaibisha mke wangu mbele ya watu."

Yule mzee akatoa mswaki mdomoni. "Sisi? Wewe ndiye uliyetaka kumvua kijana nguo kanisani. Bega kwa bega na mama mkwe! Kesho ungemwambia ambebe mgongoni?" Akacheka, akarudisha mswaki.

Mkwe hakucheka. "Pakiteng," akasema, "watoto wangu wako mle ndani, na wazee wa rika la baba yangu. Nikimgusa bega mama aliyemzaa mke wangu, nitawafundisha nini tena juu ya heshima?"

"Miaka sita hujala chakula chake."

"Wewe unafikiri sikitaki?" Akatoa simu kwenye mkunjo wa shuka. Mwalimu alikuwa ametuma wimbo kwa simu ili wa mbali wajifunze, kila sauti imerekodiwa peke yake, na ile ya pili aliirekodi mke wangu nyumbani kwetu, majogoo wanasikika. Mkwe akasema, "Mwezi mzima nikipeleka ng'ombe majini Olbalbal, njia yote ile ya vumbi, sikioni ilikuwa sauti yake. Ya kwangu sikuisikiliza sana. Mimi nilijifunza yangu kwa kufuata ya kwake. Kuna mahali, mwisho wa mstari wa tatu, anavuta pumzi kabla ya wakati. Mwalimu hakuandika hivyo. Lakini mimi pale huwa namsubiri."

Pumzi ile naijua. Nimeisikia jikoni maisha yangu yote, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayeijua.

Nilikosea. Naliandika neno hilo mara moja tu, asinitake mtu nilirudie.

"Ukisimama ndani, lakini humwoni, wala humgusi, itakuwaje?" nikamuuliza.

Yule mzee akapima mwili wangu, kuanzia tumbo mpaka mabegani, akasema kitu kwa Kimaasai. Mkwe akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Anasema kama ni wewe utasimama katikati, hata tembo akiwa upande wa pili hataonekana."

Nikaingia kwa mlango wa pembeni. Mke wangu hakuinua macho. Nikakaa kando yake, benchi likalia. Nikamweleza yote, ya Olbalbal, ya simu, ya pumzi. Akikasirika Kiswahili kinamwisha, hurudi kwenye Kiiraqw cha kwao. Alinijibu maneno mawili ya Kiiraqw ambayo siandiki. Kisha akawa anaikunjua ile skafu.

"Kasema navuta pumzi mapema?"

"Kasema."

"Mstari wa tatu?"

"Wa tatu."

"Ni kweli," akasema. "Na wewe miaka yote hiyo hujawahi kuniambia."

"Ungenuna."

"Ningenuna," akakubali. Akaivaa skafu.

Nilipanda mbele bila kuomba ruhusa. Nikaifuta ile alama ya mkwe kwa soli ya kiatu, nikasimama juu ya vumbi lake. Mke wangu akarudi kulia kwangu. Mwalimu akafungua mdomo kusema besi hawasimami pale, akaniangalia, akaufunga. Mkwe akaingia, macho chini, akazunguka nyuma ya mstari, akasimama kushoto kwangu, shuka lake limefunika upande ulio kwangu. Nilijipanua. Nimeambiwa tangu ujana kwamba nazibia watu, siku ile niliziba kwa kazi.

Beti ya pili mkwe akaita. Sauti ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye paa, haikuwa na woga ndani yake. Mke wangu akajibu. Nilikuwa katikati, huyu sikio hili, huyu sikio lile, nimesimama kama mti. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, mwishoni, akavuta pumzi mapema kama kawaida yake. Na upande wa kushoto sauti ikasimama, ikangoja, kidogo tu, kama mtu anavyoshikilia lango mwenzake apite na mzigo, kisha zikaingia pamoja. Mkono wa mke wangu ukashika shati langu mgongoni. Besi ilipofika zamu yake, sikuimba. Mwalimu aliniona. Hajanisamehe mpaka leo.

Baadaye akina mama waligawa pilau kwenye ukumbi. Mke wangu alipakua sahani ya kwanza, akarundika nyama ya ubavu, akampa binti yetu. "Mpelekee mumeo nje huko aliko. Mwambie sitatazama."

Binti akaenda. Sahani ilirudi tupu, mifupa imesafishwa mpaka inang'aa. Mke wangu aliishika mbele ya wenzake wote wa sauti ya pili, akaizungusha ili waione.

Saa tisa lori liliondoka ili liwahi geti. Jioni, tukiwa tunavua viatu vya matope barazani, mke wangu akasema sikukuu ikipita anapanda Endulen, atakaa wiki tatu.

Nikamwambia wiki tatu ndizo za palizi, na magugu hayamngoji mtu.

"Basi palilia," akasema, akaingia ndani.

Nimepalilia eka mbili peke yangu. Mgongo bado unauma.