Maua Yanayochosha Mashine

Msimamizi wa kafe ya intaneti pale Al Rigga, huko Uarabuni, hakutazama skrini za wateja, alisikiliza feni. Kompyuta ikianza kuvuma tu, alikuja akalaza kiganja ubavuni mwake kama anayepima homa ya mtoto, kisha akasema taratibu, "Khalas, basi dada, funga hiyo." Teresiah, aliyekuja kila Ijumaa kuongea na mwanawe aliyebaki Murang'a kwa kamera, alishafungiwa kurasa nyingi, matangazo ya fataki na nyota zinazomeremeta. Siku ya kuzaliwa ya mtoto alifungua ukurasa wa salamu unaomwaga mawaridi, na papo hapo uso wa mtoto ukaganda, mdomo wazi. "Lakini ni maua tu, kaka!" Msimamizi akamjibu, "Mashine hizi hazina kadi ya kuchorea picha. Prosesa ndiyo inachora kila ua linaloanguka, peke yake. Itapata wapi nguvu ya kumchora mwanao?" Akayafunga maua, na mtoto akamalizia kicheko chake.

Ijumaa moja Teresiah alifika mapema, akasikia feni ikinguruma kwenye meza ya msimamizi mwenyewe. Kwenye skrini yake mawaridi yalidondoka kwa kukwamakwama, juu ya neno "Baba" lililoandikwa kwa mwandiko wa kitoto na kupakwa rangi zote. Kiganja chake kilikuwa palepale, ubavuni mwa mashine.

"Kaka, si ufunge? Itaungua hiyo."

Hakugeuka. "Iache ichemke kidogo," alisema. "Ua la mwisho bado halijafika chini."